Ézéchias Vagheni na Amina Aliyoingoja

Wasifu wa marehemu, uliosomwa mazikoni Butembo, Jumatano tarehe 12 Februari 2003

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kupanda mlima huu pamoja nasi katika matope. Wachungaji, wazee wa kanisa, mama zetu wa kikundi cha sala, na ninyi mliotoka Beni pamoja na hali ya barabara, tumewaona na tunawashukuru. Familia imeniomba mimi Léa nisome maisha ya baba yetu mkubwa, kwa sababu nililelewa nyumbani mwake tangu baba yangu mzazi, mdogo wake, alipofariki. Yote nitakayosema, Mama Virginie, mjane wake, ameyaruhusu. Jana nilimsomea karatasi hii mwanzo hadi mwisho. Kila aliponyoosha mkono, niliacha kusoma na nikafuta.

Marehemu Ézéchias Vagheni alizaliwa Kipese, katika milima ya Lubero, tarehe 14 Aprili 1938. Wazazi wake walikuwa wakulima wa viazi na ngano, na walikuwa miongoni mwa Wakristo wa mwanzo wa mtaa wao. Siku aliyozaliwa nyumba ilikuwa imejaa wageni waliokuja kwa ibada, ndiyo maana akaitwa Vagheni, yaani wageni. Bibi yetu alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alilia mpaka mwinjilisti akashindwa kumaliza sala. "Mungu alimulipisha," bibi alikuwa akisema. "Sasa yeye njo anaomba mpaka benzake banalia."

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Kipese kuanzia mwaka 1946 hadi 1952, kisha akaenda shule ya kilimo, akatoka na cheti chake mwaka 1957. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Alichojulikana nacho ni kuomba. Wenzake walipokuwa hawajafanya kazi waliyopewa na mwalimu, walikuwa wakinyoosha vidole wakisema, "Mwalimu, Ézéchias afungue na sala." Mwalimu alikuwa mtu wa dini, hangeweza kukataa. Ézéchias alianza na uumbaji wa dunia, akashuka polepole, na alipofika kwenye darasa lao kengele ilikuwa karibu kulia. Aliyekuwa akitusimulia haya ni yeye mwenyewe, akicheka, na alituapia kwamba hakujua walikuwa wanamtumia.

Mwezi wa Januari 1958 aliajiriwa kuwa monitere wa kilimo, akapelekwa Kalunguta. Alifanya kazi huko miaka arobaini, akipita mashamba kwa miguu na baadaye kwa baiskeli, akifundisha watu kupanda kahawa, kuikata na kuikausha. Hakutoka katika nyumba ya mtu bila kuiombea. Watu wa Kalunguta walikuwa wakisema kwamba Baba Ézéchias akiingia kwako saa sita, basi uweke motoni na maji ya chakula cha jioni. Walimcheka, lakini walimpenda. Ugonjwa ulipoingia katika kahawa na miti ikaanza kukauka ikiwa imesimama, ni yeye aliyepita kuwaambia watu wang'oe na wachome moto. Aliomba na kila mwenye shamba kabla ya kuwasha kiberiti, na safari hiyo hakuna aliyelalamika kwamba sala ni ndefu. Mwaka 1998 ofisi yake ilimhamishia Beni, na huko ndiko alikofanya kazi mpaka ugonjwa wake.

Tarehe 3 Agosti 1963, hapa Butembo, alifunga ndoa na Virginie Kyakimwa, msichana wa kwaya ambaye kwa kusema ukweli hakuwa na maneno mengi. Mungu aliwapa watoto watatu: Élisée, Providence na Éliakim. Na kama ilivyo desturi yetu, tangu mtoto wa kwanza azaliwe, wao wenyewe wakaitana kwa jina lake. Yeye akawa Baba Élisée, na mke wake akawa Mama Élisée.

Nyumba yao ilikuwa na sheria moja, mliokuwa mkitutembelea mnaijua. Jioni chakula kikiwa mezani, hakuna kugusa kabla ya ibada. Baba anaomba, mama anaitikia Amina, ndipo tunakula. Amina ilikuwa kazi ya mama, sisi watoto tulinyamaza. Na kwa sababu Baba Élisée alikuwa mtu wa kuanzia uumbaji, kuna siku bukari, ugali wetu, ilianza kufanya ngozi, sombe ya majani ya muhogo ikapoa, na Éliakim akaanza kulia njaa. Hapo Mama Virginie alikuwa anakata. Baba yuko katikati ya kuombea wafalme wa dunia, yeye anasema kwa nguvu, "Amina!" Baba anafungua macho, anatuangalia sote, na anacheka mpaka anafuta machozi. "Mama Élisée amenikata tena," anasema. "Haya, mukule. Bafalme batangoja." Nadhani alikuwa akiomba kwa muda mrefu ili akatwe. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha ya nyumba yetu, na sikujua wakati ule kwamba ilikuwa furaha kubwa.

Sasa ninafika mahali pagumu. Mnajua wote kwamba mwezi wa Septemba 1996 Élisée alikwenda Manguredjipa kutafuta maisha kwenye machimbo ya dhahabu. Vita ikaingia. Barabara zikafungwa, wanajeshi wakapita wakikimbia, wengine wakaja. Waliorudi kutoka huko hawakuwa na habari moja. Huyu alisema alimwona Élisée akiwa mzima, yule alisema alisikia amekufa, mwingine alisema alivuka kwenda mbali zaidi. Mpaka leo ninaposoma mbele yenu hatujui.

Mama Virginie wakati huo alikuwa kiongozi wa kikundi cha mama wa sala. Aliwaombea wana wa wengine. Kumbe nyumbani, akijaribu kumwombea wa kwake, neno lilikuwa halitoki. Sisi katika kanisa letu hatuombei wafu. Na yeye hakujua mtoto wake yuko upande gani. Alimwambia mume wake peke yake, wakiwa wawili, "Baba Élisée, nikifungua kinywa sijui niseme nini. Nikimuombea sawa muzima na iko mufu, nafanya makosa. Nikimuacha na iko muzima, nimemutupa mutoto wangu. Donc nanyamaza. Sasa ni siku mingi, siombi kabisa."

Baba Élisée alihuzunika sana. Na alifanya kile alichokuwa akifanya siku zote alipohuzunika: alilipeleka jambo kwenye sala. Jumapili ya tarehe 8 Juni 1997, ulipofika wakati wa mahitaji ya maombi, alisimama kanisani. "Ndugu, munisaidie kumuombea bibi yangu, Mama Élisée," alisema. "Ameniambia kama hawezi kuomba tena. Imani yake imechoka." Alisema kwa mapenzi, kila aliyekuwepo alisikia mapenzi yake. Lakini Mama Virginie alikuwa ameketi mbele, kwenye viti vya mama wa sala, na vichwa vyote viligeuka kumtazama. Wiki ile wenzake walikuja nyumbani kwa moyo mzuri, wakamwekea mikono, na wakamwambia apumzike kidogo, kikundi kitaongozwa na mwingine. Aliwakabidhi ngoma ya kikundi na akawapikia chai.

Jioni ya Jumapili ile, alimwambia mume wake jambo moja. Tulikuwa mezani, tulisikia. "Baba Élisée, ile neno nilikupatia wewe. Sikulipatia kanisa." Baada ya hapo hakumwita tena kwa jina hilo.

Msifikiri kwamba alimchukia. Mashati ya Baba Élisée hayakukosa kufuliwa hata siku moja. Lakini maneno ya kuzungumza naye uso kwa uso yalikwisha. Alipitia kwetu: "Providence, ambia baba yako maji ya moto iko tayari." Na Baba Élisée, ambaye hakuweza kukaa katika nyumba isiyo na maneno, alipitia kwenye sala. Mama akikosa chumvi, aliacha kopo tupu mezani. Baba alilitazama, akafunga macho na kusema, "Bwana, tunakushukuru kwa chumvi yenye itaingia nyumba hii kesho." "Amina," alisema mama. Kesho yake chumvi iliingia. Paa la jikoni lilitengenezwa hivyo, na hata ndoa ya Providence ilipangwa hivyo, Bwana akiambiwa mambo ambayo mama alikuwa ameketi pale pale akiyasikia. Sisi watoto tulicheka jikoni, halafu tukaona haya.

Mama hakumkata tena katika sala, hata mara moja. Alimwacha aombe mpaka mwisho, chakula kikapoa, ndipo akasema Amina kwa sauti ndogo. Baba Élisée alikuwa akinyamaza katikati ya sala, akimwachia nafasi. Alifika kwenye wafalme wa dunia, akanyamaza. Mama hakusema kitu. Baba aliendelea.

Aliomba msamaha kila jioni. "Bwana, unisamehe, kinywa changu kilimukosea mama wa nyumba hii." Mara ya kwanza tulifurahi, tukafikiri yamekwisha. Lakini jikoni Mama Virginie aliniambia, huku akisugua sufuria, "Anaombaka Mungu musamaha. Ni Mungu njo alimukosea? Mimi niko hapa, ni meza tu iko katikati yetu." Nilikwenda kwa Baba mkubwa. Alikuwa nje akiosha buti zake za shambani. Nilimwambia, "Baba mukubwa, umwambie mama yeye mwenyewe. Usipitie juu." Aliendelea kuosha buti ambayo ilikuwa imeshatakata. Mwishowe akasema, "Mungu sijaonaka anakatalia mutu, Léa. Lakini ule mama akinikatalia, nitaenda kwa nani?"

Wengi mlimfahamu kama mtu hodari wa maneno. Nilichokiona siku ile ni mtu mwenye woga, na nilimhurumia kuliko siku zote za maisha yake. Hakusimama tena kanisani kutoa hitaji la maombi. Alipoombwa aombe, alisema ana mafua.

Alipohamia Beni alipanga chumba kwa Mama Kapinga, ambaye yuko hapa pamoja nasi, mke wa mtumishi wa serikali aliyetoka Kasai. Alikuwa akirudi nyumbani Butembo mwisho wa juma, barabara ikiruhusu. Mara nyingi haikuruhusu. Mama Kapinga alitusimulia kwamba ukuta wa chumba kile ulikuwa mwembamba, kila jioni alimsikia akiomba kwa sauti, peke yake, kwa mpango ule ule wa nyumbani. Anafika mwisho, ananyamaza. Hasemi Amina. Baadaye kidogo ndipo unasikia sahani. "Ilikuwa inaniuma roho," Mama Kapinga alisema. "Papa iko peke yake, anaomba muzuri, na hapana na mutu wa kuitikia. Siku moja mimi nikajibu kwa ukuta: Amina! Kumbe nimefanya makosa. Akatoka, akabisha ku mulango yangu na adabu yote, akaniambia, 'Mama Kapinga, asante sana. Mais usifanye tena. Ile Amina iko na mwenyewe.'"

Ugonjwa wake ulianza mwaka 2000 kwa presha, kisha figo, miguu ikavimba. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini. Mwisho wa Januari mwaka huu alianguka tena, huko Beni, wakati mji umejaa wakimbizi waliotoka upande wa Mambasa na vitanda vya wagonjwa vimejaa watoto. Mama Kapinga alimweka nyumbani, muuguzi akawa anakuja kumchoma sindano. Habari ilitufikia Jumatano, tarehe 5 Februari, kwa mdomo wa dereva.

Mama Virginie hakuuliza mtu. Asubuhi ya Alhamisi alipanda lori la kabichi, nami nikapanda nyuma yake. Kwenye kizuizi kimoja mwanajeshi kijana alitusimamisha. "Mama, ozokende wapi?" aliuliza kwa Lingala. "Naenda kwa Baba Élisée," alijibu. Kwa yule mwanajeshi jina hilo halikuwa kitu, akapunga mkono tupite. Mimi nilishika ubao wa lori na kulia, kwa sababu nilikuwa sijalisikia kinywani mwake tangu mwaka 1997.

Tulifika saa nane mchana. Baba Élisée alikuwa amelala akitazama mlango. Alimwona, akatuona sisi, akasema, "Munisaidie, mutoke kidogo." Tulitoka, mlango ukafungwa. Tuliketi kwenye baraza, mimi na Mama Kapinga, na kupitia ukuta ule tukasikia sauti yake ikisema, "Mama Élisée." Hakusema Bwana. Hakusema mama wa nyumba hii. Alisema, "Mama Élisée, uniangalie."

Hapo Mama Kapinga, ambaye anajua jinsi ukuta wake unavyopitisha maneno, alisimama, akachukua kinu, akaanza kutwanga sombe. Alikuwa na sombe ya kutosha tayari, ilikuwa jikoni imeshaiva. Alitwanga kwa nguvu mpaka jasho likamtoka, hakusimama mpaka mlango ukafunguliwa. Mama Kapinga, familia inakushukuru.

Nilipokuwa naandika karatasi hii niliacha nafasi ya mistari michache, nikamwuliza Mama Virginie, Baba Élisée alimwambia nini, na yeye alijibu nini. Nilifikiri yangewasaidia wengi, wenye ndoa hasa. Alinitazama bila hasira. "Hapana, Léa," alisema. "Ile ni yangu. Haitaenda kanisani mara ya pili." Kwa hiyo mistari ile ilibaki mitupu, na programu mliyoshika mkononi ina nafasi hapo, mtaiona.

Ninachoweza kusema ni kile nilichokiona. Ijumaa alimlisha uji kwa kijiko, na wakazungumza juu ya mambo madogo, paa, mbuzi, nani ameoa. Jumamosi, tarehe 8, jua likiwa halijazama, Baba Élisée alisema anataka ibada. Tuliingia sote, na Éliakim aliyekuwa amefika asubuhi hiyo. Hakuanza na uumbaji, nguvu hazikuwepo. Alishukuru kwa ajili ya siku. Alimtaja Providence, akamtaja Éliakim. Alimtaja Élisée, "mahali iko, Bwana, wewe unajua ni wapi." Alimtaja Mama Élisée. Kisha akanyamaza. Tulifikiri ni zile nafasi zake. Mama Virginie alikuwa ameshika mkono wake, alingoja. Baada ya kitambo tuliona kwamba usingizi umemchukua. Éliakim alitaka kuitikia, mama akamzuia. "Hajamaliza," alisema.

Hakumaliza. Marehemu alituacha alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2003, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, mkono wake ukiwa bado mahali ulipokuwa. Mama Virginie hakupiga kelele. Alimrudisha Butembo katika lori, akiwa ameketi karibu na sanduku njia nzima, na kwenye vizuizi alijibu kwa niaba ya wote wawili.

Marehemu ameacha mjane, Mama Virginie Kyakimwa. Ameacha binti yake Providence pamoja na mume wake, na mwanawe Éliakim. Ameacha mjukuu, Shalom, na mimi Léa, na watu wa Kipese na Kalunguta ambao ni wengi. Juu ya Élisée tulibishana katika familia, tumwandike wapi, kati ya walioachwa au kati ya waliotangulia. Mama Virginie ndiye aliyemaliza ubishi. "Muandike jina tu," alisema. "Mungu atalisoma upande wenye iko." Basi ninalisoma: Élisée.

Mama bado hawezi kuomba kwa maneno yake mwenyewe. Ameniambia niliseme hili wazi, safari hii kwa ruhusa yake, ili mtu asije kumwekea mikono. Nyumba ile sasa ina meza na mtu mmoja, na jioni itafika leo kama kawaida. Tusimsahau.

Sasa mchungaji ataomba. Familia inawaomba kitu kimoja, hasa ninyi mama wa kikundi mlio na sauti nzuri. Mchungaji atakapofika mwisho, mtu yeyote asiitikie. Ile sala ya Jumamosi haijafungwa, na Amina yake iko na mwenyewe. Tunyamaze, hata kama itachukua muda, hata kama mvua itaanza.

Baba Élisée apumzike kwa amani. Sisi tumngojee mama.